Eti Upasuaji Ulifanikiwa

Katika maneno yote yanayosemwa misibani, hakuna linaloniudhi kama hili: "Upasuaji ulifanikiwa, ila siku yake ilikuwa imefika." Rafiki yangu, rubani wa ndege ndogo katika kiwanja cha Wilson, Nairobi, alifanyiwa upasuaji wa ngiri. Usiku wa tatu akafariki wodini. Mpaka leo mkewe hajaelezwa sababu.

Sisi marubani wenzake tulimsifu sana makaburini. Tulitaja dhoruba alizozikwepa na viwanja vya vumbi alivyotua huko Turkana. Sifa hizo alizistahili. Lakini kumsifu marehemu bila ya kuuliza kilichomuua ni nusu ya heshima. Lau angeangukia mlimani, wachunguzi wangeokota kila kipande, wangeuliza ni fundi gani aliyeigusa ndege mwisho, kisha wangeandika taarifa. Kwa nini basi akifa kitandani kuwe kimya?

Marubani hawakuzaliwa na uangalifu huo. Waliununua kwa damu. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio, Marekani, ndege mpya ya Boeing ilianguka mara tu baada ya kupaa, kwa sababu kufuli ya kuzuia usukani wa mkiani usitikiswe na upepo haikufunguliwa. Wawili walikufa kwa ajali hiyo, mmoja wao rubani hodari kabisa. Jibu halikuwa kumtukana marehemu. Ilitungwa orodha ya ukaguzi, ifuatwe hata na bingwa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha kama hiyo kwa wapasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, mojawapo Ifakara, Tanzania. Vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mambo haya ni ya Wazungu wenye fedha.

Tena hatari kubwa haiko mezani pa upasuaji. Utafiti wa nchi 25 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa zaidi ya vifo 9 katika kila 10 vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Yaani mgonjwa husalimika na kisu, kisha hufia wodini, ambako mara nyingi muuguzi mmoja hukesha na wagonjwa wengi. Rafiki yangu alizoea kuwaambia wanafunzi wake kwamba safari haijaisha mpaka propela isimame. Mpasuaji anayeona kazi imekwisha akishavua glavu ametua, naam, lakini ameiacha ndege ikikimbia bila ya mtu usukanini.

Wapo watakaosema namkufuru Mungu, kwani kila nafsi ina siku yake. Nami naamini hivyo. Lakini rubani mcha Mungu huomba dua, kisha hupima mafuta. Wengine watasema nawatafutia madaktari jela. Sivyo. Kwa kanuni za kimataifa, uchunguzi wa ajali ya ndege haufanywi ili kugawa lawama, bali kuzuia ajali nyingine. Hilo ndilo ninalodai kwa kila anayekufa baada ya kupasuliwa: faili lifunguliwe, aliyekuwa zamu aulizwe bila ya kutishwa, na jamaa waelezwe kilichoonekana. Hospitali inayokataa haimlindi daktari. Inamwandalia mgonjwa wa kesho kifo kile kile. Mficha maradhi, kilio humfichua.