Mchezaji Si Mali: Besiboli, Wito wa Taifa na Maneno Yetu

Usiku wa tarehe 15 Machi 2023, mjini Miami, timu ya taifa ya besiboli ya Puerto Rico iliishinda Jamhuri ya Dominika kwa alama 5 kwa 2. Mtupaji aliyeumaliza mchezo huo alikuwa Edwin Díaz. Wenzake walimzunguka wakirukaruka kwa furaha, na katika kurukaruka huko kano ya goti lake la kulia ikakatika. Ndugu yake Alexis, aliyekuwa katika kikosi hicho hicho, alionekana akilia huku Edwin akitolewa uwanjani kwa kiti cha magurudumu. Miezi minne tu kabla ya hapo alikuwa ametia saini mkataba wa miaka 5 na klabu ya New York Mets, wenye thamani ya dola milioni 102. Msimu wa ligi ulipoanza mwishoni mwa mwezi ule, Díaz hakuwapo, na ulimalizika bila yeye kutupa hata mpira mmoja.

Siku tatu baada ya mkasa huo, José Altuve, akiichezea Venezuela dhidi ya Marekani, aligongwa na mpira na kuvunjika kidole gumba cha mkono wa kulia. Klabu yake, Houston Astros, iliyokuwa bingwa wa msimu uliotangulia, ikaanza kulitetea taji lake bila yeye.

Lawama zilizofuata zinajulikana, kwa kuwa hurudi kila mashindano ya mataifa yanapofanyika. Watu waliuliza: kwa nini klabu ilipe mamilioni, kisha taifa liichukue mali yake na kuirudisha imevunjika? Neno hilo, *mali*, ndilo lililonifanya niishike kalamu. Naamini kwamba hoja nzima imejengwa juu ya neno hilo moja, na kwamba sisi tunaokitumikia Kiswahili tunayo sababu ya pekee ya kulikataa.

Tuanze na mambo yalivyo. Klabu za ligi kuu ya Marekani hukaa Florida na Arizona mwezi Februari na Machi kwa maandalizi ya msimu, kisha kila moja hucheza michezo 162. Mashindano ya World Baseball Classic, yaliyoanza mwaka 2006, hufanyika katika kipindi hicho cha maandalizi. Hayakuzuka kwa hila ya serikali yoyote. Yaliundwa na ligi yenyewe pamoja na chama cha wachezaji, na klabu ni sehemu ya ligi hiyo. Yanazo kanuni za kuwalinda waajiri. Mwaka 2023, kwa mfano, mtupaji hakuruhusiwa kuzidisha mitupo 65 katika mchezo mmoja wa hatua ya kwanza. Mikataba ya wachezaji nayo huwekewa bima, na suala la bima ndilo lililomfanya Clayton Kershaw asiichezee Marekani mwaka ule ingawa alitaka. Basi mchezaji anayekwenda kuichezea nchi yake hatoroki kazini. Anapita katika mlango uliofunguliwa na mwajiri wake mwenyewe.

Hoja ya majeraha nayo haina nguvu inayodhaniwa. Tarehe 27 Februari mwaka huo huo, Gavin Lux wa Los Angeles Dodgers aliumia goti akikimbia katika mchezo wa maandalizi, akaukosa msimu mzima. Tarehe 23 Machi, Rhys Hoskins wa Philadelphia Phillies naye aliumia goti katika mchezo wa maandalizi, akaukosa msimu mzima pia. Wote wawili walikuwa wamevaa jezi za klabu zao. Sikusikia mtu akidai kwamba maandalizi yafutwe. Goti ni lile lile na hasara ni ile ile, lakini jeraha la Díaz liliitwa uzembe na la Lux likaitwa bahati mbaya. Tofauti iko katika dhana: klabu ikimvunja mchezaji, mwenye mali ameivunja mali yake, taifa likimvunja, mtu wa nje ameharibu mali isiyo yake.

Besiboli ina historia ndefu ya dhana hiyo. Kwa miongo mingi, kifungu kimoja katika mikataba ya ligi kiliipa klabu haki ya kuendelea kumshikilia mchezaji hata muda wa mkataba ulipokwisha, na kumhamishia kokote ilikotaka bila ridhaa yake. Mwaka 1969, klabu ya St. Louis Cardinals ilimhamisha Curt Flood kwenda Philadelphia. Flood, Mmarekani mweusi aliyekuwa ameitumikia klabu hiyo kwa miaka 12, alikataa. Siku ya mkesha wa Krismasi alimwandikia barua kamishna wa besiboli, akaeleza kwamba baada ya miaka yote hiyo hajioni kuwa kipande cha mali cha kununuliwa na kuuzwa pasipo kuulizwa. Akaenda mahakamani, na mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ikamwangusha. Kifungu kile kilivunjwa nguvu mwaka 1975 kwa uamuzi wa msuluhishi katika shauri la wachezaji wengine, Flood akiwa ameshaacha kucheza. Sheria ikabadilika, lakini msamiati ukabaki.

Msamiati huo umetufikia. Sikiliza matangazo ya michezo katika redio zetu, au soma kurasa za mwisho za magazeti. Klabu *imemuuza* mshambuliaji wake. Kipa *amenunuliwa*. Kiungo *ametolewa kwa mkopo*. Beki ni *mali ya* klabu fulani hadi mwaka fulani. Tunayasema haya kwa ulimi mwepesi, nasi ni wana wa pwani ambako kumuuza mtu hakukuwa tamathali ya usemi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hiyo si zamani ya hadithi za kale, kwani wapo wazee waliosimuliwa na bibi zao waliyoyaona. Lugha inayobeba kumbukumbu hiyo haipaswi kuyatumia maneno *kuuza* na *kununua* kwa mtu kana kwamba hayana uzito.

Wala hatulazimiki, kwa sababu lugha imeshatupa maneno bora. Neno *usajili*, linalotumika sana katika soka ya Tanzania, ni neno la busara. Kumsajili mtu ni kuliandika jina lake katika daftari, na anayeandikwa jina anabaki kuwa mtu mwenye jina. *Mkataba* hutaka pande mbili. *Kuhama* ni kitendo cha mwenye miguu yake. Tukisema kwamba wakati ule Díaz alikuwa mwajiriwa wa Mets, ambaye mkataba wake ulikuwa na thamani ya dola milioni 102, tumesema kweli yote. Kilichothaminiwa hapo ni mkataba, wala si mtu.

Kuhusu timu ya taifa, Kiswahili kimeniridhisha zaidi. Hatusemi kwamba taifa limemchukua mchezaji. Twasema *ameitwa*. Kitenzi hicho kina ndugu zake: wito, kuitika, mwitikio. Mtoto wa Mswahili hufunzwa mapema kwamba akiitwa aitike, aseme naam, labeka au abee, kila mmoja kwa desturi ya kwao. Anayeitwa ni mwenye masikio na hiari. Anaweza kuitika, anaweza kuomba radhi, lakini hawezi kubebwa kama gunia. Katika neno hilo moja mchezaji anarudishiwa utu ambao neno *mali* lilimpokonya.

Naijua hoja ya upande wa pili, na ina haki ya kusikilizwa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mchezaji aliyetia saini ameahidi nguvu zake, na klabu imeahidi fedha. Shabiki wa Mets aliyenunua tiketi ya msimu kwa mshahara wa kibarua hakukosea alipohuzunika. Lakini methali hiyo haikubainisha kwamba mtu ana deni moja tu. Díaz anadaiwa na waliomwajiri, na anadaiwa pia na kisiwa kilichomlea, na mkataba wenyewe umempa nafasi ya kuyalipa madeni yote mawili. Huzuni ya shabiki ni ya haki. Inapogeuka kuwa madai ya umiliki, imevuka mpaka.

Tena tutazame kilichopatikana. Katika mashindano yale yale, mjini Tokyo, Ondřej Satoria wa timu ya Cheki, ambaye riziki yake hutokana na kazi ya fundi umeme, alimtupia Shohei Ohtani mipira ya taratibu hadi nyota huyo akakosa na kutoka. Hakuna soko la wachezaji ambalo lingewakutanisha watu hao wawili. Na tarehe 21 Machi, katika fainali, Japani ikiongoza kwa alama 3 kwa 2, Ohtani alisimama kutupa dhidi ya mpigaji wa mwisho wa Marekani, nahodha Mike Trout. Wakati ule wote wawili walikuwa waajiriwa wa klabu moja, Los Angeles Angels. Kwa miaka mitano walikuwa wamekaa benchi moja na hawakuwahi kupimana nguvu katika mchezo wa kweli. Ilibidi waitwe na mataifa mawili ili mashabiki wauone mpambano huo. Hesabu ilifika mitupo mibaya mitatu na mizuri miwili, kisha Ohtani akatupa mpira uliokata kona, Trout akaukosa, na Japani ikawa bingwa. Wiki mbili hazikupita kabla hawajavaa tena jezi moja. Mwenye kuyajua malumbano ya washairi wetu hatashangaa: mahasimu wa jukwaani huweza kula sahani moja baada ya ngoma.

Kwa hiyo nina ombi kwa malenga, waandishi na watangazaji wenzangu. Tuyaache maneno *kuuza*, *kununua* na *kumiliki* tunapomtaja mchezaji, awe wa besiboli au wa soka, wa Puerto Rico au wa Kigoma. Tuseme amesajiliwa, ameajiriwa, amehama. Na mashindano ya mataifa yatakaporudi, na nyota fulani akaumia akiichezea nchi yake, tumpe pole kwa lugha ambayo pole hupewa mtu, na tuandike kwamba aliitwa, akaitika.