MBEGU IMEFIKA, TOPE LIMEKAUKA



Kwenye mkutano uliopita ndugu mmoja alituuliza tunanung'unikia nini wakati msaada wa mafuriko tulipewa. Tunamjibu hapa ukutani ili wote wasome.

Unga tulipewa. Mablanketi tulipewa. Tunashukuru, mwenye njaa hakatai unga. Lakini Mto Rufiji ulipofurika Aprili 2024, ukameza mpunga na mahindi yetu, ulituachia kitu kimoja cha maana, nacho ni tope. Kila mzee wa hapa anajua: maji yakirudi mtoni unapanda mlao papo hapo, ardhi ingali mbichi, na mahindi yanakomaa kwa unyevu huohuo bila kungoja mvua. Ukichelewa, ardhi inapasuka, basi tena. Sasa mbegu ya msaada ilikuja lini? Ilikuja nyufa zinameza mguu wa mtu! Kabla ya hapo majina yetu yaliandikwa mara tatu. Daftari la kwanza eti limepotea, la pili halina mhuri, la tatu likangoja gari. Jamani, tope linangoja mhuri?

Halafu wapo mabwana wanaotuambia, hameni bondeni. Kwani tunaishi bondeni? Wazee wetu walishahamishiwa huku juu wakati wa Operesheni Rufiji, baada ya mafuriko ya mwaka 1968. Nyumba ziko juu, mashamba yako chini, maana chakula kiko chini. Anayetaka tuliache bonde atuonyeshe kwanza kwenye mchanga huu tutavuna nini.

Na sisi wenyewe je? Tusijifiche nyuma ya wakubwa. Ghala la chama liko juu, maji hayakuligusa, lakini ndani hamkuwamo hata debe moja la mbegu. Tulikwisha kuuza yote bei ilipopanda. Huo ni uzembe wetu, wala si wa mto.

Kwa hiyo tunataka hivi. Kamati ya maafa ya kijiji iandike majina ya kaya sasa, wakati kukavu, iyasome hadharani na kuyabandika hapa. Kila mwanachama, akishavuna, alete pishi mbili za mbegu ghalani, na funguo zishikwe na watu wawili, mmoja awe mama. Jambo hili lijadiliwe mkutano ujao kabla ya posho za wajumbe.