Huruma Inayomlemaza Mgonjwa wa Kiharusi

Huruma ni sifa njema, na nyumba isiyokuwa na huruma si nyumba. Lakini iko huruma moja ambayo hufanya kazi ya adui. Nayo ni ile anayofanyiwa mtu aliyepatwa na kiharusi, akarudi kutoka hospitali yu hai, kisha akalazwa kitandani, akalishwa, akaogeshwa na akavishwa, asiachwe kuinua hata kikombe cha uji. Jamaa zake humwambia, "Pumzika baba, sisi tupo." Miezi ikipita, mkono uliokuwa na nguvu kidogo hujikunja, na mguu uliokuwa ukitikisika hukakamaa. Mwisho watu husema kwamba kiharusi kimemlemaza. Mara nyingi si kiharusi peke yake kilichomlemaza, bali na kitanda.

Kiharusi ni nini? Ni kuziba au kupasuka kwa mshipa wa damu katika ubongo. Sehemu iliyokosa damu hufa, na kiungo kilichokuwa kikiongozwa na sehemu hiyo hukosa amri. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huongoza wa kushoto. Basi mkono wa aliyepooza haukuharibika wenyewe; mishipa yake ipo na mifupa yake mizima. Kilichokatika ni mawasiliano baina yake na ubongo. Na sababu kubwa ya maradhi haya ni shinikizo la damu, ambalo mtu huweza kukaa nalo miaka asihisi lolote.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya nchi za mbali. Wataalamu waliwahesabu wagonjwa wa kiharusi katika wilaya ya Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam tangu mwaka 2003 mpaka 2006. Baada ya kusawazisha hesabu za umri, waliona kwamba kwa kila watu 100,000, waliopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza katika mwaka mmoja walikuwa kiasi cha 109 huko Hai, na kiasi cha 316 huko Dar es Salaam. Hesabu hii ya Dar es Salaam ni kubwa kuliko ya nchi nyingi zenye utajiri.

Utafiti mwingine uliotangazwa mwaka 2008 uliuliza watu wa sehemu hizo hizo wanafikiri nini juu ya ugonjwa huu, na wengi wa Dar es Salaam waliusema kuwa ni kazi ya mapepo au uchawi. Hapa kwetu Katindiuka na katika bonde zima la Kilombero maneno hayo si mageni. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, na sitamkataza mtu kumwombea dua mgonjwa wake. Lakini dua haimzuii mtu kwenda kwa daktari. Mdomo ukienda upande, mkono ukianguka wenyewe, maneno yakiwa mazito ghafla, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, na dua isomwe njiani. Wala asipewe maji wala chakula mpaka ipimwe kama anaweza kumeza, kwani tonge likipita njia ya pumzi huleta maradhi ya mapafu.

Sasa tuje kwenye shabaha yetu, nayo ni siku zinazofuata baada ya hatari ya kufa kupita. Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi. Lakini Mwenyezi Mungu ameujaalia ubongo uwezo wa kujifunza, hata sehemu zilizobaki nzima zikashika baadhi ya kazi za ile iliyokufa. Nao haujifunzi ila kwa kurudia. Mtoto anayeanza chuo hajui alifu kwa kuonyeshwa mara moja. Huisoma leo, akaisoma kesho, akaikosea na kusahihishwa, mpaka ikawa yake. Na mkono uliopooza ndivyo ulivyo. Ukifanyishwa kazi mara nyingi kila siku, ubongo hutafuta njia mpya ya kuufikia. Ukiachwa, na mkono mzima ukafanya kila kitu, ubongo husahau kwamba una mkono wa pili. Ndiyo maana wataalamu wa mazoezi ya viungo husisitiza mgonjwa atende mwenyewe, na msaidizi amsaidie palipomshinda tu.

Faida kubwa hupatikana katika miezi mitatu ya kwanza, na huendelea mpaka mwezi wa sita na hata baadaye kwa mwendo wa polepole. Lakini haraka nayo ina mpaka wake. Utafiti mkubwa wa wagonjwa 2,104 katika nchi tano, uliotangazwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kuwainua wagonjwa mara nyingi mno ndani ya saa 24 za kwanza kuliwapunguzia nafasi ya kupona vyema. Basi daktari ndiye atakayesema siku ya kuanza. Na akishasema, kusiwe na kuahirisha.

Haya ndiyo mambo ambayo kila nyumba yenye mgonjwa yafaa iyajue.

Kwanza, mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili au karibu na hivyo, ili asipate vidonda vya kulala. Mkono uliopooza uwekewe mto chini yake. Tena asivutwe kwa mkono huo hata kidogo wakati wa kumwinua, kwani bega lililolegea huteguka upesi, na maumivu yake yatamzuia kufanya mazoezi.

Pili, tusimkande kwa maji ya moto mno wala kumpaka dawa kali. Upande uliopooza mara nyingi hauhisi joto, na mtu huungua asiseme neno.

Tatu, akiruhusiwa, akalishwe ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikiwa chini sawasawa, na ale akiwa amekaa. Kisha ajifunze kusimama: ainame mbele mpaka kichwa kipite magoti, auegemee na ule mguu dhaifu, ndipo anyanyuke. Arudie hivyo mara kadhaa, apumzike, kisha aanze tena.

Nne, katika kutembea, mkongojo ushikwe kwa mkono mzima, na msaidizi asimame upande uliopooza. Kwetu mianzi haikosekani. Miti miwili imara ikifungwa sambamba uani, kwa urefu wa kiuno, hufanya mahali pazuri pa kujifunzia kutembea.

Tano, kazi ndogo za nyumbani ni mazoezi. Kushika kikombe kwa mikono miwili, kufungua kifungo, kuchambua mchele katika ungo, kukunja nguo. Aliyekuwa mkulima wa mpunga atapenda zaidi kuushika mchele kuliko kuambiwa anyooshe vidole bila ya sababu.

Huenda mtu akasema: ikiwa mambo ni haya, ya nini kuhangaika na wataalamu? Huko India wataalamu waliwafundisha jamaa za wagonjwa kuwafanyisha mazoezi nyumbani, katika hospitali 14, kwa wagonjwa 1,250. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017, nayo hayakuonyesha tofauti baina yao na wale waliopata huduma ya kawaida tu. Maana yake ni kwamba mafundisho machache yanayopewa jamaa hayashiki nafasi ya mtaalamu anayemwona mgonjwa mara kwa mara, akampimia mazoezi na kuyabadili kwa kadiri ya maendeleo yake. Nchini mwetu wataalamu hawa hufundishwa Moshi katika chuo kilichopo pamoja na hospitali ya KCMC, lakini bado ni wachache kuliko haja. Sisi wa Katindiuka tuna Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mto hawangoji tena kivuko, tangu kufunguliwa kwa Daraja la Magufuli mwaka 2018. Hata hivyo safari ya kutoka Malinyi au Mlimba na mgonjwa ni safari nzito. Basi kabla ya kutoka hospitali, ulizeni: ni mazoezi gani afanye, mara ngapi, na turudi lini? Afuatane naye yule atakayekaa naye nyumbani, aonyeshwe kwa mikono yake. Na siku ya kurudi msiivunje.

Kuna na maradhi ya moyoni. Kiasi cha mmoja katika kila watatu waliopona kiharusi huingiwa na huzuni kubwa, akalia bila ya sababu au akanyamaza. Huo si utovu wa subira, ni sehemu ya ugonjwa, na daktari aambiwe. Na yule ambaye ulimi wake umekuwa mzito, akili yake mara nyingi ipo. Msiseme mbele yake kana kwamba hayupo.

Wako na wanaoacha sala kwa kudhani kwamba asiyeweza kusimama hana sala. La, hasha! Hukumu inajulikana: asiyeweza kusimama atasali amekaa, asiyeweza kukaa atasali kwa ubavu, na asiyeweza kurukuu na kusujudu atafanya ishara. Asaidiwe kumiminiwa maji ya udhu, lakini aachwe aoshe mwenyewe anachoweza. Mara tano kwa siku atakuwa na sababu ya kuinuka, na moyo wake utaona kwamba yeye bado ni mtu miongoni mwa watu.

Tena dawa za shinikizo la damu zisiachwe kwa kuwa mgonjwa anajiona mzima, kwani kiharusi cha pili kwa kawaida huwa kizito kuliko cha kwanza. Na mwezi wa Ramadhani ukikaribia, aulizwe daktari kabla ya mgonjwa kufunga.

Enyi vijana, kazi hii ni yenu khasa. Kumsimamisha babu mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, na kustahimili anapokasirika, ni wema usioonekana na watu wa nje. Msimnyang'anye kijiko kwa kuwa anamwaga mchuzi. Mchuzi utapanguswa, lakini mkono ulioachwa ukalala huenda usiamke tena. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awape nguvu wanaowatunza.