Auzaye mwiko auze na matunzo yake

Katika vibanda vya mama lishe vilivyo karibu na vituo vya mpakani, mwiko haulali na ukoko wa ugali. Sahani za mwisho zikishaondolewa, mwiko huoshwa, hufutwa na kutundikwa. Anayejua kupika haulizi sababu: ukoko ukikaukia usiku, kesho utaingia kwenye chakula cha mteja, na mteja hatarudi.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye jengo linalopigwa lipu, mambo ni mengine. Jua likizama, fundi ananawa mikono, anapokea ujira wake na kuondoka. Mwiko wake unabaki umechomekwa kwenye lundo la mchanga au umetumbukizwa ndani ya ndoo, saruji ikiwa ingali imeshika mgongoni. Asubuhi saidia fundi ataugonga ukutani mpaka magamba yadondoke. Baada ya miezi michache bamba limepinda, pembe zimeliwa, mpini unacheza, na fundi yuko dukani akilalamika kwamba bidhaa za siku hizi hazidumu.

Kiswahili kimevipa vyombo hivyo viwili jina moja, na jirani wa Rwanda au Burundi naye husema umwiko. Jina linavuka mpaka bila kibali. Maarifa ya kuutunza mwiko ndiyo yanayobaki nyuma, na hapo ndipo anapoingia mfanyabiashara anayenunua upande huu na kuuza upande ule. Yeye ndiye mtu wa mwisho kuushika mwiko kabla ya fundi. Akiuuza bila neno, ameuza nusu ya bidhaa.

Maarifa yenyewe si mengi. La kwanza ni kujua saruji inavyofanya kazi. Wengi huamini kwamba saruji hukauka kama nguo kwenye kamba, na kwa hiyo mwiko ukilala ndani ya maji utakuwa salama. Sivyo. Saruji haiwi ngumu kwa sababu maji yameondoka. Inakuwa ngumu kwa sababu imeungana na maji. Ndiyo maana zege la nguzo za daraja hushika hata likiwa chini ya mto. Mwiko uliolazwa kwenye ndoo na udongo wake utaamka na saruji ngumu pamoja na kutu. Kama mpini ni wa mbao, utavimba usiku na kupasuka mchana.

Muda wa kuwahi upo. Kwa kipimo cha maabara, saruji ya daraja la 32.5 haitakiwi kuanza kushika kabla ya dakika 75 tangu ilipochanganywa na maji, na ile ya 42.5 kabla ya dakika 60. Namba hizo za daraja, si za dakika, zimeandikwa kwenye mifuko inayouzwa pande zote za mpaka. Lakini maabara si juani. Utando mwembamba uliobaki kwenye bamba la chuma lenye joto huganda mapema kuliko udongo ulio kwenye karai. Fundi makini hangoji jioni. Kila anapotua kunywa maji au kusubiri udongo mwingine, anautumbukiza mwiko, anaupitishia brashi mbele, mgongoni na pale mpini unapoungana na bamba, kisha anaendelea.

Jioni kazi ni ya dakika tano. Mwiko unaoshwa kwa maji safi na brashi ngumu, unafutwa kwa kitambaa mpaka ukauke, unapakwa mafuta membamba kama ya cherehani, kiasi cha kung'aa tu, kisha unatundikwa. Usirushwe ndani ya mfuko mmoja na nyundo, patasi na sepeto. Mwiko wa mstatili, ule wa kulainishia lipu, thamani yake yote iko kwenye unyoofu wa bamba. Bamba likipinda hata kidogo tu, kila likipita ukutani linaacha mstari, na mwenye nyumba atauona mstari huo kabla hajauliza bei ya rangi.

Hata mafuta yana adabu yake. Oili chafu iliyomwagwa kwenye injini huzuia kutu, lakini ikibaki kwenye bamba asubuhi huacha doa jeusi kwenye lipu, na mahali penye mafuta rangi haishiki vizuri. Mafuta ya kula nayo yakikaa hunata na kukusanya vumbi. Kwa vyovyote, kabla ya kugusa ukuta, mafuta yafutwe na mwiko uoshwe.

Kama saruji imekwishashika, nyundo si dawa. Siki ya kawaida hulainisha saruji ngumu taratibu. Bamba hulowekwa saa moja au mbili, mpini ukiwa nje, husuguliwa kwa brashi, husuuzwa kwa maji mengi na kukaushwa papo hapo, kwa kuwa asidi ya siki ikiachwa nayo hula chuma. Kutu nyepesi huondolewa kwa msasa laini, ukisuguliwa kufuata urefu wa bamba. Wapo wanaotumia maji ya betri kwa sababu yanafanya kazi haraka. Yanafanya haraka pia kwenye ngozi na macho, na bamba linalotoka humo hushika kutu upesi kuliko mwanzo.

Siku hizi kuna jambo jingine. Nyumba nyingi za mjini humaliziwa kwa jipsamu, na jipsamu ina masharti makali kuliko saruji. Chembe kavu zilizobaki kwenye mwiko au kwenye ndoo hufanya mchanganyiko mpya ushike haraka kuliko kawaida. Fundi anadhani ameuziwa mfuko mbovu, kumbe ubovu uko kwenye mwiko wake. Tena jipsamu mbichi huharakisha kutu kwenye chuma cha kawaida, na kutu hiyo huacha madoa ya kahawia kwenye ukuta mweupe. Kwa kazi hiyo mwiko wa chuma kisichoshika kutu unastahili bei yake. Muuzaji anayejua tofauti hiyo atamuuliza mteja swali moja tu: unapiga lipu ya saruji au ya jipsamu? Swali hilo humjengea jina kuliko bango lolote.

Lakini kabla ya kumfundisha fundi, mfanyabiashara ajitazame. Miiko mingi huanza kuharibika ikiwa bado mikononi mwake. Inatoka kiwandani na utando wa mafuta na karatasi. Dukani inafunguliwa ili ing'ae, mafuta yanafutwa, kila mteja anaishika kwa mkono wenye jasho na kuirudisha. Ghalani katoni zinawekwa chini kwenye sakafu ya saruji inayopandisha unyevu. Kwenye lori zinabanwa kati ya magunia ya chumvi na mbolea, vitu viwili ambavyo huvuta maji na kula chuma. Mzigo unaotoka joto la Pwani kwenda baridi ya Mbeya au Kabale ukiwa umefungwa ndani ya nailoni hutoa jasho usiku, na jasho hilo halina pa kwenda isipokuwa kwenye bamba.

Hesabu yake ni rahisi. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara aliyenunua dazeni nne, yaani miiko 48, kwa Sh8,000 mmoja, auze kwa Sh10,000. Ikiuzwa yote, faida kabla ya nauli na ushuru ni Sh96,000. Sita ikishika kutu isinunuliwe, anabaki na miiko 42 yenye faida ya Sh84,000, na humo atoe Sh48,000 alizotupa kwenye ile sita. Mkononi zinabaki Sh36,000. Miiko sita tu, yaani mmoja katika kila minane, imekula zaidi ya nusu ya faida. Kitambaa chenye mafuta na mbao mbili za kuinua katoni kutoka sakafuni zisingefika hata bei ya mwiko mmoja.

Hasara hiyo ni nzito zaidi kwa anayevuka mpaka kihalali. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki huwasaidia wenye mzigo usiozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani, lakini kwa bidhaa zilizotoka ndani ya jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mwiko uliotengenezwa Asia haugeuki kuwa wa Afrika Mashariki kwa kuwa ulinunuliwa Kariakoo. Mwenye mzigo huo ameshautilia fedha nyingi kabla haujafika rafuni, na kila bamba lenye kutu ni ushuru uliolipwa bure. Kwa sababu katoni huenda ikafunguliwa kwa ukaguzi, hata siku ya mvua, turubai na karatasi kavu za kufungia upya ni sehemu ya mzigo, kama ilivyo risiti.

Wapo watakaosema ushauri huu unaua biashara. Mwiko ukidumu miaka mitatu, nani atarudi kununua? Hoja hiyo inasikika madukani, na si ya kubezwa, kwa kuwa anayeisema ana kodi ya kulipa. Lakini fundi hanunui mwiko peke yake. Hununua brashi, msasa, kamba, timazi, pimamaji, ndoo, na zaidi ya yote humwelekeza mwenye nyumba mahali pa kununua saruji, rangi na nondo. Fundi mmoja aliyeridhika huleta wateja wa nyumba nzima. Fundi aliyepinda bamba mwezi wa pili harudi kununua jingine hapo hapo. Huvuka barabara kwenda duka la pili, na huko anasimulia. Wahenga walishalimaliza: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hoja hiyo pia inasahau anayeumia. Kwa mfanyabiashara mwiko ni bidhaa moja kati ya mia. Kwa fundi wa kibarua, hasa aliyevuka mpaka kufuata kazi, mwiko ni ajira yenyewe. Ugenini hana ndugu wa kumwazima zana wala jina la kumkingia. Ukuta wake ukitoka na mistari, mwenye nyumba hatauliza kama ni mkono au ni bamba, atakata ujira. Akinunua mwiko mpya kila baada ya miezi michache kwa kukosa maelezo ya dakika tatu, anatumia kwenye chuma fedha iliyokuwa iende nyumbani.

Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005 na Soko la Pamoja mwaka 2010, na tangu hapo mazungumzo ya mtangamano yamekuwa juu ya ushuru, vibali na foleni za malori. Hayo yana mahali pake, na vituo vya pamoja vya Namanga, Rusumo na Mutukula vimepunguza mlolongo wa kusimama mara mbili. Lakini soko haliwi moja kwa sababu lango limefunguliwa. Linakuwa moja pale mteja wa Ngara anapopata bidhaa ile ile na maelezo yale yale anayopata mteja wa Nairobi, tena kwa lugha anayoielewa.

Kwa hiyo hatua ziko mikononi mwa wafanyabiashara wenyewe. Vyama vyao vya mipakani vinaweza kuchapisha karatasi moja ya Kiswahili, yenye mistari sita au saba, iwekwe ndani ya kila mfuko wa mwiko: osha kila unapotua, usilaze ndani ya maji, usigonge, kausha, paka mafuta, tundika, futa mafuta kabla ya kazi. Muuzaji anaweza kupanga mwiko, brashi, kipande cha msasa na kichupa cha mafuta vikauzwa pamoja, naye akapata faida ya vitu vinne mahali pa kimoja. Na anayenunua kwa mafundi chuma wa Kamukunji, Katwe au Gerezani awarudishie malalamiko ya wateja juu ya mpini unaocheza na ribiti zinazong'oka. Wao hawako mbali, na mwiko uliotengenezwa ndani ya jumuiya na ukadumu ni bidhaa inayostahili kupiganiwa iingie kwenye ile orodha ya mpakani.

Mama lishe hakupewa semina ili aoshe mwiko wake. Alijifunza kwa aliyemtangulia jikoni, na akaona kwamba usafi wa mwiko ndio unaomrudishia mteja. Mfanyabiashara wa mpakani anaweza kuwa huyo aliyetangulia kwa fundi. Gharama yake ni maneno machache wakati wa kurudisha chenji.