Alama za Pakiti Zasema na Nani?

Mfanyakazi atokaye kazini jioni, akapita dukani kununua mafuta ya kupikia, hurudi nyumbani na chupa ambayo mara nyingi chini ya kitako chake imechorwa pembetatu ndogo ya mishale mitatu inayofukuzana, na katikati yake namba moja. Twamwomba msomaji aigeuze chupa yake leo aitazame, kisha awaulize wenzake maana ya alama hiyo. Mmoja atasema kuwa chupa yaweza kurejelezwa, yaani kuyeyushwa na kufanywa kitu kingine. Wa pili atasema kuwa imekwisha kurejelezwa. Wa tatu atasema kwamba hayo ni mambo ya kiwanda, yeye hayamhusu. Sisi twaona kuwa huyo wa tatu ndiye aliyeukaribia ukweli, na jambo hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Mishale yenyewe haikuzaliwa na hila. Mwaka 1970, ule mwaka ambao Wamarekani waliadhimisha Siku ya Dunia kwa mara ya kwanza, kampuni moja ya maboksi ya karatasi, Container Corporation of America, iliwaalika wanafunzi washindane kuchora alama ya karatasi iliyorejelezwa. Aliyeshinda ni Gary Anderson, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Southern California. Mishale yake yapindana kama utepe usio na mwanzo wala mwisho, na maana yake ni nyepesi: kilichotoka hurudi. Alama ikaachwa huru, kila mtu aitumie, na kweli kila mtu akaitumia.

Tatizo lilianza mwaka 1988. Chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani kilitoa utaratibu wa namba 1 hadi 7 wa kutambulisha aina za plastiki, nacho kikazizungushia namba hizo mishale mitatu. Namba 1 ni plastiki ya chupa za maji na soda. 2 ni ya madumu na chupa za sabuni. 3 ni ile ya mabomba. 4 ni ya mifuko laini. 5 ni ya ndoo na vifuniko vingi. 6 ni ya vikombe na sahani nyepesi nyeupe za vyakula. Na 7 ni kapu la kutupia kila kilichosalia. Namba yataja aina ya plastiki, basi. Haisemi kama yuko mtu wa kuikusanya, wala kama kiko kiwanda cha kuipokea. Ilikusudiwa isomwe na wachambuzi wa taka, lakini mishale ilikuwa imekwisha kupata maana yake mioyoni mwa watu. Ukimvika mtu yeyote sare ya askari, barabarani watu watamwita afande.

Miaka 25 ilipita kabla kosa hilo halijasahihishwa. Mwaka 2013 shirika la viwango la Marekani liitwalo ASTM, ambalo ndilo lililokuwa likizitunza namba hizo wakati huo, liliagiza kuwa mishale iondolewe na badala yake iwekwe pembetatu tupu isiyo na mshale. Walakini mishale haikutoweka. Alama ile huchongwa ndani ya kalibu ya chuma inayotoa umbo la chupa, na kalibu ni mali ya bei kubwa. Hapana mwenye kiwanda aliyetaka kuitupa kwa sababu ya mshale. Tena majimbo zaidi ya 30 ya nchi hiyo yalikuwa yamekwisha kuiingiza namba hiyo katika sheria zao. Jimbo la California lilipoona mambo yamezidi, mwaka 2021 lilipitisha sheria ya kukataza mishale isiwekwe juu ya pakiti ambayo haikusanywi na kurejelezwa kwa kweli katika jimbo hilo.

Wazungu wa Ulaya nao wana mzigo wao. Watu wengi huiona juu ya vifurushi vitokavyo huko duara la mishale miwili ya kijani iliyoshikana. Alama hiyo ilianzishwa Ujerumani mapema katika miaka ya 1990, na maana yake ni kwamba kampuni imelipa ada katika mfuko wa kukusanya taka za pakiti. Hiyo ni risiti, ndugu msomaji. Ni risiti ya mwenye mali, iliyobandikwa mbele ya macho ya mnunuzi, naye mnunuzi akaidhani ni ahadi aliyopewa yeye.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Alama hizi zote zaeleza habari za mwenye kiwanda: plastiki aliyotumia, ada aliyolipa. Wala haziongopi. Lakini mtu aliyeshika chupa tupu mkononi ana swali moja tu, nalo ni hili: sasa niiweke wapi? Alama isiyolijibu swali hilo haimfai kitu, na ikiwa yampa matumaini yasiyo na msingi ni afadhali isingalikuwapo. Chukua ile alama ya mche wa majani mawili inayowekwa juu ya mifuko iozayo. Mfuko huo umepimwa uoze katika mitambo ya kutengeneza mboji, mahali ambapo joto hufika kiasi cha nyuzi 58 na kukaa hapo siku nyingi. Mkulima akiutupa shambani mwake kwa kuuamini ule mche, aweza kuukuta mvua zijazo.

Wako waliojaribu njia iliyo bora. Katika nchi ya Denmark wamechora picha za kila aina ya taka, na picha ileile iliyo juu ya pakiti ndiyo iliyo juu ya pipa. Mtoto asiyejua kusoma hulinganisha picha na picha, kazi imekwisha. Umoja wa Ulaya umeifuata fikira hiyo: kanuni yake mpya ya pakiti, iliyopata nguvu ya sheria mwezi wa Februari 2025, yataka lebo za namna moja katika nchi zote wanachama kuanzia mwaka 2028, na mapipa nayo yafanane na lebo. Kabla ya hapo, tangu Julai 2021, vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja na vishungi vya sigara huko hutakiwa kubeba picha ya kasa na maandishi ya lugha ya nchi yasemayo kuwa ndani mna plastiki. Picha hiyo haipendezi, na wenye biashara hawakuifurahia. Sisi twaipenda kwa sababu hiyohiyo.

Msomaji aweza kudhani kuwa twazungumza mambo madogo, michoro tu. La hasha. Mkulima wa pamba au wa nyanya hushika chupa ya dawa ya wadudu ambayo pembeni ina msimamo wenye mpaka mwekundu, na ndani yake mti uliokauka na samaki aliyekufa. Alama hiyo ni ya utaratibu wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2003, na yaonya kuwa dawa hiyo yaua viumbe vya majini. Ni onyo la kweli. Lakini haimwambii mkulima aisuuze chupa mara tatu, maji ya kusuuzia ayamimine ndani ya bomba la kunyunyizia, kisha aitoboe chupa ili isipate kutekwa maji ya kunywa. Kitendo kilichokosekana kwenye picha ndicho kinachookoa uhai. Ndiyo maana twasema kuwa alama njema huchora mkono unaotenda.

Tena alama haina budi kujaribiwa kwa watu kabla ya kuchapwa. Wamarekani wana kipimo kwa alama zao za hatari: katika watu 100 wanaoonyeshwa picha, 85 waielewe sawasawa, na wanaoielewa kinyume kabisa wasizidi 5. Alama za mazingira nazo zastahili kupitia mlango huohuo.

Na kwetu? Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania iliipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na mifuko mbadala ikawekewa sharti la uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Haikuchukua muda mifuko myepesi ikajaa sokoni. Mnunuzi angeijuaje? Hana mizani ya kupima gramu za kitambaa. Na tuseme wazi kwamba hicho si kitambaa: mingi ya mifuko hiyo imetengenezwa kwa plastiki ileile ya namba 5, ila imefanywa kama nyuzi, na macho hudanganyika.

Katika nchi yetu wachambuzi wa taka wa kweli ni wale vijana na akina mama waokotao chupa mitaani na katika dampo la Pugu, wakauza kwa kilo. Hawangoji namba ya kitakoni. Wanaiminya chupa, wanasikiliza mlio wake, wanajua. Kiwandani plastiki iliyosagwa hutiwa majini: ya chupa ya soda huzama, ya kifuniko chake huelea. Lakini kipande cha namba 3 nacho huzama pamoja na cha namba 1, na kikipita bila kuonekana huharibu kazi yote. Alama kubwa, iliyo ubavuni mwa chupa, ingewaongezea watu hawa shilingi zao kwa kila gunia. Na ule ufuko wa matabaka ya plastiki na madini yaliyogandishwa pamoja, ambao hapana anayeununua, ungebeba picha ya kusema hivyo bila haya.

Wenye viwanda watalia juu ya gharama za kalibu, na si uongo. Basi wapewe muda, lakini tarehe ya mwisho iandikwe. Kwa yale yanayochapwa kwa wino hakuna kalibu ya kusingizia; lebo hubadilishwa kila wanapotaka kutangaza ladha mpya.

Twaliomba Shirika la Viwango Tanzania lichukue uongozi katika jambo hili: picha chache, zifanane na zile za mapipa, ziwe na neno la Kiswahili pembeni, na mahali ambapo hakuna mkusanyaji pasiwepo na mishale. Na siku kikao cha kuzichagua picha hizo kitakapoitwa, waokota chupa wa Pugu wakae mezani pamoja na wataalamu, na posho yao ya siku iwe sawa na ya wengine.