Kupisha Barabara kwa Gharama ya Nani?

Mwezi Agosti 2025, kanisa la mbao lililojengwa mwaka 1912 lilisafirishwa likiwa zima katika mitaa ya Kiruna, kaskazini mwa Uswidi. Lilikuwa na uzito wa tani 672, nalo lilikwenda kilomita 5 kwa siku mbili. Barabara yenye upana wa mita 9 ilipanuliwa hadi mita 24 ili lipite. Uchimbaji wa chuma umeilegeza ardhi ya mji huo, na gharama ilibebwa na kampuni ya mgodi, LKAB. Wenye nyumba zilizotakiwa kuondoka walichagua ama thamani ya soko pamoja na nyongeza ya asilimia 25, ama nyumba nyingine.

Kiruna si pepo; wafugaji wa Kisami wanalalamika hadi leo kwamba mgodi unawanyang'anya malisho. Hata hivyo kuna somo. Katika miji mingi ya Marekani pia, anayetaka kupitisha jengo barabarani huomba kibali, hutaja njia na saa, huweka dhamana na bima, na nyaya zikiondolewa hulipa yeye. Mlipaji hujulikana kabla jengo halijaguswa.

Kwetu Tanzania, jengo lililo katika njia ya barabara hukutana na kopo la rangi. Alama ya X nyekundu humwambia mwenye nyumba kwamba amejenga ndani ya hifadhi ya barabara, hana fidia. X ya kijani ni ya yule aliyekutwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, iliyopanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Huyu wa kijani ndiye ninayemtetea. Hakuvamia chochote, mpaka ndio uliomfuata nyumbani kwake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Lakini alama ikishachorwa, nani atathubutu kuikarabati nyumba hiyo, kuinunua, au kuipokea kama dhamana ya mkopo? Hasara huanza siku ya rangi, ilhali fidia husubiri siku ya mradi.

Nitaambiwa kwamba nyumba ya matofali ya saruji haipakiwi kwenye trela. Naam, wala siombi trela. Naomba kanuni: alama isichorwe kabla fedha za fidia hazijawekwa katika akaunti maalumu, tarehe ya kuhama haijatajwa kwa maandishi, na wapangaji hawajaorodheshwa pamoja na wenye nyumba.

Nitaambiwa pia kwamba serikali haina fedha. Basi haina fedha za barabara, kwa sababu fidia ni sehemu ya bei ya barabara kama zilivyo kokoto na lami. Kuiacha nje ya hesabu ni kumkopa mwananchi bila ridhaa yake, kisha kumwita mpinga maendeleo anapodai.

Kiruna barabara ilipanuliwa ili jengo lipite. Kwetu jengo huvunjwa ili barabara ipanuliwe. Yawezekana hatuna budi kuvunja. Lakini ninyi wanafunzi mtakaoajiriwa katika halmashauri na wakala za barabara, siku mtakayokabidhiwa brashi, ulizeni kwanza akaunti ya fidia ina kiasi gani.