Damu Baada ya Mionzi

Hapa Tanzania, saratani ya mlango wa kizazi huwapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Mwanamke wa Tarime au Serengeti aliye nayo huweza kupelekwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akapigwa mionzi kwa wiki 5 hivi. Wako wanaopona na kurejea mashambani mwao. Jambo ninalotaka kulizungumzia hutokea baadaye.

Puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, imelala nyuma tu ya mlango wa kizazi, na mionzi haiwezi kuufikia uvimbe bila kuigusa. Seli za utando wa utumbo hufanywa upya kila siku 3 hadi 5, na seli zigawanyikazo upesi ndizo zinazodhurika kwanza. Kwa hiyo kuhara wakati wa tiba si ajabu, na mara nyingi hukoma baada ya wiki chache. Madhara ya pili huja polepole: vijishipa vya damu huziba, nyama hukosa oksijeni na kufanya makovu, kisha huota vijishipa vingine dhaifu vivujavyo damu. Hayo huweza kuanza baada ya miezi 6, miaka 2, hata zaidi.

Tuseme mama huyo anakwenda zahanati na kueleza kwamba anatoa damu chooni. Katika mkoa unaopakana na Ziwa Victoria, mganga hufikiria amiba au kichocho, wala si kosa kufikiri hivyo. Dawa zatolewa mara ya kwanza na ya pili, damu haikomi. Ikiwa hakuna aliyeuliza habari za mionzi, mgonjwa mwenyewe ataona uhusiano gani na tiba iliyokwisha zamani?

Mabingwa wa mfumo wa chakula ni wachache, nao wako mbali na Mugumu. Lakini kwa maoni yangu kikwazo cha kwanza ni kwamba rufaa haiandikwi mpaka mtu ashuku. Tena bingwa mwenyewe lazima aambiwe: kukata kipande cha nyama pasipo sababu kwenye ukuta wa mbele wa puru iliyopigwa mionzi kwaweza kuacha tundu lisilofunga, kinyesi kikapitia ukeni. Hata hivyo kupimwa ni lazima, maana damu hiyo yaweza kuwa saratani. Kwa mpira wenye kamera bingwa huviona vijishipa, na aweza kuvichoma vikakauka.

Wanafunzi nao wana sehemu yao, kwani mara nyingi ndio wakalimani wa bibi zao wasemao Kikuria, Kingoreme au Kiikoma, na bibi huona haya kutaja choo mbele ya mjukuu. Basi kila amalizaye tiba akabidhiwe karatasi ya Kiswahili yenye sehemu iliyopigwa, kipimo cha mionzi, tarehe, na onyo kuhusu damu. Ataitoa kwa daktari pasipo kusema neno. Mtu atasema mchwa wataila. Picha yake na ikae katika simu ya mjukuu.